Kabla hujauliza cc, tazama tairi

Kila anayetaka kununua vespa ya kwendea kazini huanza na swali lile lile: ni cc ngapi, yaani injini ina ukubwa gani? (Huku kwetu Unguja vespa ni skuta yoyote, iwe imetoka Italia, Japani au China, nami nitalitumia jina hilo hivyo hivyo.) Mimi hutoka Fuoni hadi Malindi ya Mji Mkongwe siku sita kwa wiki, kiasi cha kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, na nimeifanya safari hiyo kwa vespa mbili za maumbo tofauti kabisa. Naamini kwa dhati kwamba cc si swali la kwanza. La kwanza ni hili: rimu, ile duara ya chuma inayovaa tairi, inchi ngapi?

Ya awali ilikuwa ya baba, PX 150 ya Piaggio, kampuni ya Italia inayotengeneza Vespa, ile ya gia za mkono wa kushoto. Naiheshimu mashine ile. Corradino D'Ascanio, aliyeichora Vespa ya kwanza ya mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, na kazi yake yote inaonesha alivyomfikiria mtu aliyevaa nguo safi: kifua cha bati mbele, injini imefunikwa, pa kupitisha mguu pako wazi. Mwenye kanzu ya Ijumaa hupanda bila ya kurusha mguu, na mwenye buibui vile vile. Tairi la mbele na la nyuma ni saizi moja, kwa hiyo ukiwa na la akiba pancha haikuchelewesha.

Lakini rimu zake ni inchi 10. Kwenye lami nzuri hutaona tofauti. Ingia njia za ndani za mitaa yetu baada ya mvua, ndipo utakapojua. Shimo ambalo tairi kubwa hulivuka juu juu, tairi dogo hutumbukia ndani yake, na ule mdomo wa shimo hulipiga kwa mbele badala ya kulipandisha. Usukani unacheza. Ukiwa na mtu nyuma yako na daladala inakupumulia, huo si wakati wa kujifunza hesabu za duara.

Vespa yangu ya sasa ni otomatiki ya cc 155, rimu inchi 13, tangi la lita saba. Ni ya kundi moja na Yamaha NMAX na Honda PCX, zile za katikati: si ndogo za cc 110, si zile kubwa za cc 300. Mashimo hayajaisha, ila siku hizi nayapita nikiwa nimeshika usukani kwa vidole vilivyolegea. Kwa mtu wa kila siku, hilo lina thamani kuliko mwendo.

Nguvu? Unguja ni tambarare. Ukiwa peke yako mjini, cc 110 inakutosha, na anayekwambia vinginevyo anakupotezea fedha. Cc 150 huonekana faida yake ukibeba mtu, au ukitoka kwenda shamba na gari za nyuma yako zina haraka. Za cc 300 nyingi hupita kilo 170, na mimi huegesha ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo hugeuza kwa kusukuma, sipandi. Kilo 130 nazigeuza bila ya kumwita mtu. Petroli napata kama kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo lita tatu hazimaliziki kwa wiki.

Breki ndipo ninapokasirika nikiona watu wanavyonunua. Wengi tumefundishwa kuogopa breki ya mbele, tukategemea ya nyuma peke yake, ilhali ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele na tairi la mbele ndilo linalokusimamisha hasa. Kinachotisha ni mchanga ulioletwa na maji hadi kwenye lami, pale tairi linapoganda na kuteleza. ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi lisigande, imewekwa kwa ajili hiyo. Kama fedha inatosha kitu kimoja cha ziada, usinunue taa za mapambo wala spika. Nunua yenye ABS.

Kasoro za kundi hili zipo, na moja inaniuma. Tangi limewekwa katikati, baina ya miguu, basi pale pa kukanyagia si tambarare tena. Mtungi wa gesi hauna pa kukaa, kikapu cha soko la Darajani nacho hakina. Mama yangu, aliyezoea kuweka kikapu chake mbele ya baba, aliitazama siku ya kwanza akaniuliza, "Sasa mwanangu, samaki tutamweka wapi?" Nimefunga keria nyuma, lakini swali lake ni la haki. Kama vespa yako ndiyo gari ya nyumba nzima, chukua yenye sakafu tambarare hata kama ni ndogo zaidi.

Ya pili ni mkanda. Otomatiki haina mnyororo, inavutwa na mkanda wa mpira, na vitabu vingi vya watengenezaji vinataka ubadilishwe kati ya kilomita 20,000 na 25,000. Yangu niliinunua imeshatumika, muuzaji akaniapia mkanda ni mpya. Ulikatika mtaa wa Amani, saa moja asubuhi, nikasukuma hadi kwa fundi. Siku hizi mtu akiniita nimtazamie vespa ya mkono wa pili, naomba kwanza kifuniko cha kushoto kifunguliwe. Muuzaji akikataa, tunaondoka.

Masika yanaanza Machi. Tairi langu la mbele limebaki na meno kidogo katikati, na fundi ameshanitengea jipya, kwa hiyo Jumamosi nampelekea kabla ya mvua ya kwanza.