Kompyuta Imesema Hakuna Mke

Kabla hamjamaliza kuisambaza ile sauti ya dakika mbili, naomba na mimi mwenye msiba nisikike. Jamaa yangu wa meza ya jirani anawaambia watu kwamba nimeposa kwa kompyuta nikakataliwa mara tano. Muongo. Ni mara tatu. Na sikuwa naposa, nilikuwa najenga moduli ya kerneli, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta.

Jana, ile semina, mnaijua. Laptopu za zamani tumezifuta tukazitia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, walimu kama thelathini wamekaa wanasubiri, na vile vidude vya waifai vya USB vya Kariakoo vinawaka taa ya buluu kwa madaha huku Linux haina habari navyo. Draiva yake, ile programu ya kuviendesha, haimo ndani ya kerneli. Unapakua msimbo, unaujenga mwenyewe juu ya kerneli ya mashine yako, unapata faili la .ko, yaani moduli yenyewe, unalipakia, basi. Bosi akasema, "Baba, si uwaonyeshe hapohapo kwenye projekta ili wajifunze?" Mtu mwenye akili zake angesema waya wa projekta umekufa. Mimi nikakunja mikono ya shati.

Acheni nijisifu kidogo, maana sifa zenyewe zilidumu dakika kumi. Nikaandika make, amri ya kujenga programu, ikagoma: eti chini ya /lib/modules hakuna kitu kinachoitwa build. Wengi hufia hapo. Mimi nikatabasamu, nikapiga uname -r, amri inayotaja kerneli inayofanya kazi, nikawaeleza: usiku nilisasisha mfumo, kerneli mpya ikaingia na heda zake (mafaili ya kujengea moduli), lakini mashine sijaizima, kwa hiyo inayofanya kazi bado ni kerneli ya zamani, na hiyo heda zake sina. Ni sawa na fundi cherehani kushika vipimo vya mtoto wa jirani. Nikawasha upya. Mwalimu mmoja akapiga makofi kabisa! Kichwa kikavimba. Nikawaambia sasa tutarajie makosa ya kiungwana: draiva za zamani hupenda kuipa kazi ya kerneli iitwayo proc_create lile jedwali la file_operations, na tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020 kerneli inataka jedwali la proc_ops, kwa hiyo gcc, programu inayotafsiri msimbo, itafoka kidogo. Msiogope. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, "msiogope."

Wa nyuma wakalalamika hawaoni. Nikabonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha. Tena. Tena. Mara ya nne maandishi yakawa makubwa kama bango la mgombea ubunge. Hilo likumbukeni.

Make. Enter.

Mstari mmoja, ukuta mzima:

make[1]: *** No rule to make target 'Mke'.  Stop.

Nikasikia feni. Feni ya darini, ile inayolia kwii kila ikizunguka, nilikuwa sijawahi kuisikia tangu niajiriwe. Kwii. Kwii. Mstari wa mbele kulikuwa na mama mmoja mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima, miwani yake ina kamba. Akaivaa. Akasoma polepole kama anasahihisha insha, kila neno na haki yake, mpaka akafika mwisho. Akavua miwani, akawageukia wenzake:

"Inasema hakuna kanuni ya kumtengeneza mke. Halafu inamwambia aache."

Ngojeni niwaeleze, maana wengine mnadhani nimerogwa. Makefile, yaani faili la maelekezo, ya moduli za nje huiambia make iende kwenye folda ya kerneli, halafu inaipa M, yaani anwani ya mahali moduli yako ilipo. Make haijui nafasi kwenye jina. Ikikuta nafasi, kwake neno limeisha na linalofuata ni kazi nyingine. Sasa draiva nilikuwa nimeipakulia usiku kwenye folda iliyokuwa karibu, na folda hiyo jina lake ni Kutafuta Mke. Ndiyo. Tusiulizane. Make ikachukua Kutafuta kama anwani, na Mke ikaona nimeiagiza initengenezee.

Haya yote nayajua leo. Jana, mbele ya macho sitini, akili ilitoka nje kuvuta hewa. Nikafanya anachofanya kila fundi aliyeishiwa: nikarudia amri ileile. Jibu lilelile. Nyuma mtu akasema, "Ameng'ang'ania." Nikaona labda ni ruhusa, nikaweka sudo. Wanangu, mnaoelewa mmeshaelewa. Nilidai mke kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, na mfumo ukanijibu vilevile, tena haukubadilisha hata nukta. Huyo jamaa yenu ndipo alipotoa simu.

Ningefunga laptopu pale, leo tungekuwa tunaongea mengine. Lakini nikajiambia, hebu niangalie kama Makefile ipo. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye folda. Kifurushi cha draiva nilikuwa nimekifungulia humohumo, kwa hiyo vikatoka vyote pamoja, kwa herufi za bango: Makefile, core, bajeti_mahari_v3.ods, majina_ya_watoto.txt.

Yule mama wa Kiingereza akavaa tena miwani.

"Bajeti toleo la tatu," akasema. Si kwa ubaya. Kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniua. Bosi akakohoa, akatangaza mapumziko ya chai dakika ishirini kabla ya saa yake. Wakati wanatoka, mzee wa stoo akapita karibu, akanishika bega: "Mwanangu, hao watoto wangapi?" Nikamwambia wanne, shikamoo. Kwa mpangilio huo.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikahamishia draiva kwenye folda inayoitwa wifi, neno moja, herufi ndogo. Ikajengeka mara ya kwanza na gcc haikufoka hata kidogo. Kuipakia ikakataa, inataka ufunguo, ni Secure Boot, ule ulinzi unaokataa moduli isiyotiwa saini. Nikaizima kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe. Waifai ikashika saa saba mchana, chumbani tukiwa mimi na dada wa usafi. Akasema hongera.

Leo asubuhi nimekuta kwenye grupu la ofisi mtu amebadilisha picha ya grupu, ni ule mstari. Na mama wa kantini, ambaye kompyuta hajui hata inawashiwa wapi, mchana kaniwekea nyama mbili badala ya moja, akaniangalia, akaongeza na ya tatu. Nimekula zote.