Rosta ya saa nne usiku

Ukiwauliza wenye hoteli za Nungwi na Kendwa kwa nini wafanyakazi hawakai, watakwambia vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mimi nimefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya huko kaskazini mwa Unguja, na siamini hivyo hata kidogo. Wengi wanaondoka kwa sababu wamechoka kuishi bila ya kujua kesho watafanyiwa nini.

Tuanze na rosta, yaani ratiba ya zamu za kazi. Pale kwetu ilikuwa inarushwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, pengine saa tano. Dada wa usafi wa vyumba anayekaa Mkokotoni keshalala, au simu haina chaji. Asubuhi anaamka, kumbe mapumziko yake yamefutwa na alitakiwa kazini saa kumi na mbili. Akishuka kwenye daladala saa moja na nusu anakuta barua ya onyo inamsubiri. Barua ya onyo haichelewi. Mkataba ndio unaongojewa miezi.

Ramadhani ndiyo iliyoniumiza zaidi. Adhana ya magharibi inaadhiniwa, mhudumu amefunga tangu alfajiri, kasimama mlangoni mwa mgahawa na trei mkononi, na hathubutu kuomba dakika tano akafuturu kwa tende na maji, maana aliyeomba jana yake alifokewa mbele ya wageni. Kuwapanga watu wapokezane hakugharimu hata shilingi. Ilitakiwa meneja akae chini apange tu, na hakupanga.

Na sisi nasi tunanyamaza. Supavaiza ni jirani, au ndiye aliyekusemea kwa bosi mpaka ukapata kazi, sasa unaona muhali kumwambia kuwa anakuonea. Mameneja wanalijua hilo, wawe wenyeji au wa kutoka nje, na wanalitegemea. Heshima tuliyofunzwa na wazee wetu ili tuishi vizuri na watu, wao wanaendeshea hoteli isiyo na utaratibu.

Sheria zipo. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulianzishwa kwa sheria ya 1998. Lakini masika yakiingia na wageni wakipungua, watu wanaambiwa kwa mdomo tu: nendeni, tutakuiteni. Mwenzangu mmoja alikwenda ZSSF kuuliza michango yake, ndipo alipojua kuwa pesa alizokuwa akikatwa hazikuwa zikipelekwa.

Ninachokitaka si kikubwa. Rosta itoke wiki moja kabla. Anayefunga hoteli kwa ajili ya masika aandike tarehe ya watu kurudi, na kila mtu apewe nakala yake. Na maofisa wa Kamisheni ya Kazi wakija kukagua, wasiishie ofisini kwa meneja. Waende kantini ya wafanyakazi, wazungumze na watu wa jikoni na wa usafi, na meneja asiwepo.