Hodi, Mlango Usio na Nyumba

Mlango umeanguka tena. Na picha yetu ya mtu anayeelea ikitoka, atajitokeza mjuzi aseme, "Hiyo si kazi ya kompyuta tu?" Kompyuta! Basi ije kompyuta ibebe kilo 40 za mbao, mlango na fremu yake, kupita majani yenye umande.

Picha yenyewe ni mlango umesimama peke yake mbugani, uko nusu wazi, na mtu anaelea akitokea ndani. Kwenye karatasi ni raha tupu. Lakini mita 2 kwa sentimita 80, huo si mlango tena, ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unausukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo fremu inapigiliwa miguu ya mbao, sentimita 60 mbele na 60 nyuma, na kila ncha mfuko wa mchanga wa kilo 10, juu yake majani. Kuna wanaoweka mchanga nyuma peke yake, eti mbele kamera itauona. Haya, upepo ukipiga kutoka mbele mlango unalala chali juu ya mchanga wao.

Halafu ardhi. Ardhi haijawahi kunyooka kwa ajili ya mtu. Weka pimamaji, chomeka kabari, la sivyo fremu inapinda na mlango unakwaruza. Nusu wazi? Funga mshipi wa kuvulia kwenye kitasa, uvute hadi kwenye kigingi. Kisha, kabla mtu hajakanyaga, piga picha tupu ya mahali penyewe, fokasi na mwanga wa kamera vimefungwa visibadilike, tripodi isiguswe hata na inzi. Hiyo ndiyo itakayowekwa chini ya picha yenye mtu, ili kufutia kigoda alichokalia "anayeelea".

Yote tayari, jua limebakiza dakika 20. Hapo ndipo anapotokea mzee.

Shikamoo, marahaba. Anauzunguka mlango. Anachungulia nyuma. "Vijana, nyumba iko wapi?" Mzee, hakuna nyumba, ni picha. "Nyumba itakuja baadaye?" Haiji, mzee. Anatafakari. Anarudi mbele, anakohoa kidogo, na kwa adabu zake zote: "Hodi!"

Modo naye, yule wa kuelea pichani, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, anaitika: "Karibu!"

Mzee anafuta viatu kwenye majani (yale yale ya picha tupu!), anaingia, mshipi unakatika, anaufunga mlango nyuma yake kwa kishindo cha mwenye nyumba. Kabari mbili zinachomoka. Kutoka upande wa pili inasikika sauti: "Bawaba ya chini imelegea. Mlango mzito hivi unataka bawaba 3."

Kinachouma ni kwamba mzee anasema kweli. Mbili hazitoshi, ndiyo maana ulikuwa unainama. Ila bisibisi iko garini, gari liko barabarani, na jua halina subira na fundi.

Mengine hata sisemi. Gauni lisiposhushwa likafunika kigoda, linakaa kama limekalia kitu, maana limekalia kitu. Kigoda unakifuta, kivuli chake unakisahau. Wingu likipita, picha tupu na picha yenye mtu hazifanani tena hata undugu. Siafu nao wana ratiba yao.

Na sasa komeo limejibana. Ufunguo aliubeba nani? Maana mlango umefungwa, na sote tuko nje, pande zote mbili. Modo anauliza apitie wapi.