Kisanduku cha Unguja kilichowika bandarini

Nilienda Unguja siku mbili tu kwenye harusi ya binamu, na waifu alinipa oda moja: kisanduku cha Kizanzibari cha kuwekea dhahabu zake (dhahabu zenyewe hereni moja na nusu, ila tuendelee).

Siku ya kurudi nikazama kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, nikapotea mara tatu, nikaibukia Hurumzi kwenye kiduka cha mzee mmoja kavaa kofia ya viua, safi kabisa. Vinyago na picha za tinga tinga nikavipita, hivyo hata Dar vimejaa. Kisanduku sasa! Mbao nyeusi nzito, misumari ya shaba imepigwa maua kila upande. Mzee akasema, "Yakhe, hichi kina siri." Akafungua kifuniko, akavuta kibao juu, akabonyeza sijui wapi, droo ikachomoka chini kama ulimi. Akanambia watu zamani walikuwa wakisafiri na masanduku hivi kwenye majahazi, hati na pesa zinakaa humo. Akaanzia laki na ishirini, nikashika kichwa, nikaondoka, nikarudi, tukamalizana themanini. Akataka kunionesha tena namna ya kufungua, nikamwambia usijali mzee wangu, nimeshaelewa.

Nimeelewa wapi.

Nikapitia Darajani kuchukua karafuu na iliki za mama, na pale mnavyosukumana si mnajua, mi nikajiona mjanja kuliko wezi wote, tiketi ya boti, kitambulisho na simu nikavitia kwenye droo ya siri, kwaa, ikajifunga.

Kufika bandarini Malindi, askari anataka tiketi na kitambulisho. Nikavuta kibao, kikaja. Nikabonyeza kulia, kimya. Kushoto, kimya. Nyuma foleni imeanza kuguna. Mchukuzi mmoja akakipiga makofi kama tivii ya zamani, bibi mmoja wa buibui akashauri kisomewe.

Ndo waifu akapiga. Na mlio wa simu yangu ni jogoo.

KOKORIKOOO!

"We umebeba kuku?"

"Si kuku afande, ni simu."

"Iko wapi?"

"Ndani ya sanduku."

"Fungua."

"Halifunguki."

"Na huyo kuku ana kibali?"

Jogoo akawika mara saba, maana mke wangu hakati tamaa, watoto kwenye foleni wanachungulia wamuone, bibi wa buibui kashasogea hatua tatu nyuma. Boti ikapiga honi ikaondoka huku naiangalia na karafuu zangu mkononi.

Nikarudi Hurumzi mbio, nikamkuta mzee anafunga duka. Wala hakuuliza. Akakilaza kisanduku ubavu, akagonga kidogo, droo ikatoka. "Hapo ndo nilotaka kukuonesha," akasema, akaendelea kufunga milango yake. Simu nayo: missed call 19 na meseji moja, UKO NA NANI.

Nyumbani waifu alikielewa ndani ya dakika mbili, siku hizi hela za kikoba anazificha humo. Juzi nikadhani kalala, nikakilaza ubavu polepole, nikagonga, nikabonyeza mpaka kidole kikavimba, nazisikia noti kabisa zinavyosuguana mle ndani. Sauti ikatoka kitandani:

"Baba Asha, unatafuta kuku?"