Paa la hoteli na helikopta isiyokuja

Nilipokuwa nafanya kazi Dubai, siku za mapumziko tulikuwa tunazimalizia kwenye ufuo wa Umm Suqeim. Kuingia ni bure, na hoteli ya Burj Al Arab inaonekana vizuri. Kila mgeni kutoka nyumbani lazima apigwe picha pale, kidole juu, akionyesha kile kiwanja cha helikopta kama sahani, kilichochomoza pembeni mwa jengo, mita 210 hivi kutoka chini. "Pale ndipo matajiri wanaposhukia," tuliwaambia kwa uhakika, utadhani tumeshuka nao. Siku zote hizo sikuona hata helikopta moja ikitua.

Na tazama kilichokipa umaarufu kiwanja kile. Mwaka 2004 Tiger Woods alipiga mipira ya gofu kutoka pale. Mwaka uliofuata Agassi na Federer wakacheza tenisi. Mwaka 2013 David Coulthard alizungusha gari la Formula 1 mpaka moshi ukafuka. Machi 2023 rubani wa Poland, Luke Czepiela, akatua na ndege ndogo kwenye duara lenye upana wa mita 27. Abiria wa helikopta hayumo kwenye hadithi hata moja. Ndiyo maana nasema kiwanja cha helikopta juu ya hoteli ni bango la tangazo, ila limelazwa chali.

Kuna watakaoniambia New York ilikuwa tofauti, na ni kweli. Juu ya jengo la Pan Am, lenye ghorofa 59, kuanzia Desemba 1965 mwenye tiketi alipanda lifti hadi paani, na dakika chache baadaye yuko uwanja wa ndege wa Kennedy huku teksi zimekwama kwenye foleni. Huduma ikafa 1968, ikafufuliwa Februari 1977. Haikumaliza miezi minne. Tarehe 16 Mei helikopta aina ya Sikorsky S-61 ilikuwa imetua, mapanga yanazunguka, abiria wanasubiri kupanda. Mguu mmoja wa magurudumu, chuma chake kimeshachoka, ukavunjika. Helikopta ikalala ubavu, mapanga yakawapata waliosimama, na wanne kati yao wakafa. Kipande cha panga kikaporomoka hadi barabara ya Madison na kumuua mwanamke aliyekuwa anapita zake kwa miguu.

Huyo wa chini ndiye anayenikaa moyoni. Hakukata tiketi, hakuwa na haraka ya kwenda Kennedy. Kiwanja kilifungwa na hakikufunguliwa tena, na sioni nani wa kukililia.

Kinachonifanya nisite ni moto. Jengo la Andraus la São Paulo lilipoungua 1972, mamia walichukuliwa na helikopta kutoka paani. Miaka miwili baadaye, mji huohuo, likaungua Joelma, ambalo halikuwa na kiwanja. Joto na moshi vikazizuia helikopta kutua, watu zaidi ya 170 wakafa. Hata hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas ilipowaka Novemba 1980, wako wageni walionyanyuliwa kutoka juu. Los Angeles ilikuwa imeshaweka sharti tangu 1974: majengo marefu yawe na mahali pa kutua, ndiyo maana mapaa yake yakawa bapa kama meza. Sharti likaondolewa 2014, na mnara wa Wilshire Grand, wenye hoteli ya InterContinental ndani yake, ukaruhusiwa kuwa na ncha. Badala ya kiwanja, uliongezewa ulinzi mwingine wa moto ndani. Nakubaliana nao. Moshi ukitanda, mimi nitaikimbilia ngazi iliyokingwa vizuri, si paa.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Kuala Lumpur, juu ya jengo la Menara KH, mchana ni kiwanja cha helikopta, jioni vinapangwa viti na vinywaji vinauzwa. Helikopta moja haiwezi kushindana na meza zile.

Nilipanda jengo la mikutano la KICC, Nairobi, mwaka jana, kwenye paa lile lenye duara la kutulia helikopta. Watoto wa shule walikuwa wamelijaza, wengine wamekaa katikati wanakula maandazi. Nikamuuliza mlinzi helikopta ya mwisho ilitua lini. Akacheka, akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nawazibia watoto picha.