Daftari na Ndoto za Alinacha

Jumamosi moja ya mwezi wa Januari nilialikwa kukaa na vijana kumi na wanane katika ukumbi mdogo wa Majengo, hapa Mombasa. Msemaji wa asubuhi ile, mmoja wa hawa wanaozunguka kuwatia watu ari, alimgawia kila kijana karatasi na kalamu. Akawaambia wafumbe macho, wajione miaka kumi mbele, kisha wayaandike waliyoyaona. Ili kuwapa moyo akawasimulia habari ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka 1953, alisema, wahitimu waliulizwa nani ana malengo aliyoyaandika, wakapatikana asilimia 3 tu; miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wale 97 wote wakijumlishwa.

Vijana waliguna. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu utafiti ule haukuwahi kufanyika. Yale wenyewe wametafuta wasiuone. Ni hadithi iliyopokezanwa kutoka jukwaa hadi jukwaa mpaka ikapata sura ya elimu. Kijana aliyeacha kibarua cha siku nzima ili aje kusikiliza jambo la kumfaa hastahiki kupewa uongo, hata ukiwa wa kumtia moyo.

Sasa, ukiuondoa uongo huo, zoezi lenyewe linaanguka? Nimelipima sana jambo hili. Naona halianguki, ila linabakia dogo zaidi, na gumu zaidi, kuliko lile lililouzwa ukumbini.

Ushahidi wa kweli upo. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu machungu waliyopitia. Katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Mwanasaikolojia mwenzao, Laura King, akauliza swali zuri zaidi: je, ni lazima mtu achimbe machungu ndipo apone? Mwaka 2001 alitoa matokeo ya wanafunzi 81 walioandika dakika 20 kwa siku nne. Wengine waliandika juu ya msiba mkubwa wa maisha yao, wengine juu ya maisha yao ya mbele kama kila kitu kingekwenda vizuri, wengine vyote viwili, na wengine mambo ya kawaida tu. Walioandika juu ya maisha yao bora ya mbele walitoka na roho nyepesi, na miezi mitano baadaye walikuwa wameugua kidogo kuliko wale wa mambo ya kawaida. Kalamu na karatasi, saa moja na dakika ishirini kwa jumla. Si haba.

Kuna wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi watu wa baraza hupanga kwa mdomo. Siwezi kukubali. Msemo wetu wenyewe ni huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Na iko hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Deni ni ahadi ya kesho, na wasia ni mipango ya siku usiyokuwepo. Watu waliofundishwa kuyaandika hayo mawili hawana sababu ya kuiona karatasi kuwa ngeni.

Ila hebu itazame vizuri. Kinachoandikwa hapo ni wajibu: nani anadaiwa, kiasi gani, lini, mbele ya mashahidi gani. Raha haimo. Ndoto zina hadithi yake nyingine, na sisi tuliipokea kutoka Alfu Lela u Lela tukaifanya msemo. Alinacha alirithi dirhamu mia, akazinunulia zote vyombo vya kioo, akavipanga kwenye sinia akakaa navyo sokoni. Akaanza kupiga hesabu. Hivi nitaviuza kwa faida maradufu, hizo nitanunulia vingine, nitakuwa tajiri, nitamuoa binti wa waziri, na akiniletea kinywaji kwa unyenyekevu nitajitia kiburi, nimsukume kwa mguu, hivi! Mguu ukaenda kweli. Sinia likaruka, na vioo vyote vikawa vigae.

Ninavutiwa na ule mguu. Alinacha hakuvunja mali yake kwa kuwa alitamani makubwa. Aliivunja kwa sababu alikuwa ameshafika. Mwili wake ulikuwa ndani ya nyumba ya waziri wakati vyombo bado viko sokoni.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amelifanyia kazi jambo hilihili kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002 pamoja na Doris Mayer, wahitimu waliozama sana katika picha tamu za kazi watakayopata walikuwa, miaka miwili baadaye, wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache, na wanalipwa kidogo. Waliokuwa na matumaini ya kawaida, yaani waliopima hali yao wakaona kazi inaweza kupatikana, walifanya vizuri. Baadaye, mwaka 2011, yeye na Heather Kappes walipima hata presha: mtu akijipigia picha ya mambo kumnyookea, presha inashuka kama ya mtu anayepumzika baada ya kazi. Mwili unaamini umemaliza.

Basi hizo tafiti mbili zinagongana? Kwa juu, ndiyo. King anasema andika maisha bora utapata afya. Oettingen anasema yachezee maisha bora utalegea. Nadhani kila mmoja alipima kitu chake. Anayeandika ili roho itulie anaweza kuupata huo utulivu, na kwa mtu aliyechoka hilo si dogo. Anayetaka kazi, ada ya chuo, au kiwanja, akiishia kwenye utulivu huo ameibiwa. Msemaji wetu wa ukumbini aliwaahidi vijana la pili akawapa la kwanza.

Liko pingamizi zito zaidi, na hili siwezi kulipita haraka kwa kuwa nimeliona kwa macho. Mombasa kuna neno ambalo wazee hulitamka wakishapiga funda la kahawa: mja hana hiyari. Mwaka 2017 treni ya SGR, ile ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza, na hasa mwaka 2019 lilipotoka agizo kwamba makontena kutoka bandarini yapande treni kwenda bara, mji huu ulitikisika. Madereva wa malori, matanboi, mafundi wa gereji, mama wa chakula kandokando ya barabara ya Changamwe na Miritini, makarani wa ofisi za kutoa mizigo: riziki zao zilikuwa kwenye magurudumu. Watu waliandamana, agizo likasitishwa, mvutano ukaendelea, hadi mwaka 2022 serikali mpya ilipotangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Katikati ya miaka hiyo wengi walipoteza kazi. Aliyekuwa na daftari safi ya malengo na asiyekuwa nayo walikaa benchi moja.

Ndiyo maana naona vibaya sana kumwambia kijana kwamba asipofanikiwa ni kwa kuwa hakuandika. Ni kumtwika lawama ya maamuzi yaliyofanywa Nairobi. Sina budi kuwapa wapinzani haki yao hapa: zoezi la kuandika ndoto, likifundishwa bila kuutaja uchumi wa mji, humfanya mtu ajione mjinga kwa umasikini wake.

Na bado nilirudi kwenye daftari, kwa sababu ya jirani yangu.

Ni mama wa makamo, anauza mahamri na mbaazi asubuhi kichochoroni kwetu, Mji wa Kale. Siku moja nilikwenda kumlipa deni langu la wiki, akafungua daftari yake kubwa ya jalada gumu, kona zimelainika kwa mafuta. Kushoto ameandika wanaodaiwa. Kulia nikaona maandishi mengine. Juu kabisa: jiko la gesi la macho mawili. Chini yake: Ramadhani asubuhi hakuna kuuza, sambusa na kaimati za oda. Chini tena: masika makaa hulowa, kununua gunia kabla. Kisha: skuli zikifunguliwa wateja hukopa, kukopesha watu kumi tu. Jina langu lilikuwa la saba.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hili jiko hukuliandikia ukurasa wake? Ni lengo kubwa."

Akacheka kidogo. "Mwanangu, nikiliandikia ukurasa wake nitakaa nikilitazama. Likikaa na madeni, kila nikifungua kudai naliona, na naliona limezungukwa na nini."

Sikupata kusikia mtu akieleza vizuri zaidi jambo ambalo Oettingen alikuja kulipendekeza kwa watu kama dawa ya ndoto tamu: taja unachokitaka, kisha mara hiyohiyo taja kikwazo kinachosimama kati yako na hicho kitu, na uamue utafanya nini kikitokea. Sehemu hiyo ya mwisho ilichunguzwa na mwanasaikolojia mwenzake, Peter Gollwitzer. Katika jaribio mojawapo, alilolichapisha mwaka 1997 na Veronika Brandstätter, wanafunzi walitakiwa waandike taarifa ya mkesha wao wa Krismasi ndani ya siku mbili. Walioamua kabisa wataketi wapi na saa ngapi, karibu watatu katika kila wanne waliandika. Waliokuwa na nia tu, karibu mmoja katika watatu. Mama wa mahamri anajua Ramadhani itakuja. Hawezi kuizuia, wala haimshtui.

Kwa hiyo ile mja hana hiyari, kwangu, haipingi daftari. Suratul Kahf inatukataza kusema "nitalifanya kesho" bila kuongeza inshallah, na inshallah ya kweli ni kukiri kwamba kuna mambo nisiyoyamiliki. Anayekiri hivyo ndiye anayeweza kuyaandika. Yale ya SGR hayaandikiki, nakubali. Masika yanaandikika, na ada ya muhula wa kwanza inaandikika, na tabia yangu mwenyewe ya saa nne usiku inaandikika.

Nirudi ukumbini, maana iko sehemu ya pili. Msemaji alipoondoka niliachiwa vijana na karatasi zao. Nilizisoma kwa idhini yao. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza, kile cha insha ya mtihani, na zilifanana kama maembe ya mti mmoja: injinia, nyumba Nyali kwa matajiri, gari kubwa, kusaidia jamii. Hamkuwa na mtu ndani yake. Lugha waliyoandikia waliizoea kwa kusahihishwa, na mtu anayeogopa kalamu nyekundu haandiki kinachomuuma.

Nikamwita kijana mmoja wa bodaboda, ambaye amenikubalia nieleze habari hii bila jina lake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, iandike upya, kwa Kiswahili."

Akaniuliza, "Dada, Kiswahili cha insha ama chetu?"

"Chenu."

Mistari mitano ikawa ukurasa mzima na nusu. Nyali haikuwemo. Aliandika kwamba anataka kuwa nyumbani magharibi ikiingia, akae na mamake, wale pamoja kabla mama hajachukua dawa zake. Kwamba pikipiki si yake, na kila jioni lazima apeleke pesa ya mwenyewe kwanza, ndiyo maana hufika saa tano mama ameshalala. Anataka pikipiki yake. Hayo ndiyo aliyoyaona alipofumba macho, na asubuhi yote hakuwa amepata pa kuyaweka.

Nilimuuliza swali la mama wa mahamri: limezungukwa na nini? Alikaa kitambo, akiizungusha kalamu kwenye vidole. Nilidhani ataandika bei ya petroli, au askari wa barabarani, na angekuwa na haki. Aliandika: "Nikivuka daraja la Nyali na pesa mfukoni napita maskani. Muguka na kukopeshana. Naamka sina." Muguka ni yale majani ya kutafuna, ndugu ya miraa.

Hakutaka nimuahidi chochote kwa hilo, wala sikumuahidi. Sikutaka asome mbele ya wenzake pia. Mji huu unaogopa kijicho, na kwa mara nyingine wazee wetu wana hoja: mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walionyesha kwamba mtu akishatambuliwa na wengine kwa nia yake, juhudi hupungua, kana kwamba kutambuliwa kumetosha. Nilimwambia amuonyeshe mtu mmoja tu anayemuamini.

Aliongeza mstari wa mwisho, akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia yake ya pikipiki, kati ya sponji na ganda. Mstari wenyewe ulisema: "Nikimaliza mjini, kabla sijapanda daraja, nasimama Buxton namtumia mama mia tatu kwa M-Pesa."