Bonde letu lilipigiwa hesabu kutoka Bahari ya Shamu

Julai 2007 ardhi ilitikisika Arusha mara kwa mara, siku baada ya siku. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, mwaka wangu wa pili kazini, na siku ya mtikisiko mkubwa kidato cha tatu wote walikimbilia uwanjani. Tukiwa tumesimama pale, binti mmoja akaniuliza, “Mwalimu, kinachovuta ardhi ya Bonde la Ufa ni nini?” Nikamjibu kwa Kiingereza cha daftari langu la chuo: nguvu za mvutano. Akasema, “Asante mwalimu,” akanyamaza. Nilijua sijamjibu. Kusema kwamba kinachovuta ni nguvu za mvutano ni sawa na kusema mvua inanyesha kwa sababu ya unyeshaji.

Baadaye tulikuja kuelewa kilichotokea. Chini ya mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza ndani ya mwamba kama ubao uliosimamishwa wima, na mwamba ukaachana zaidi ya mita moja. Septemba mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano wa jirani, ukalipuka. Lakini swali la yule binti lilikuwa la chini zaidi ya hapo, na kipande kikubwa cha jibu nimekikuta katika kazi za mtu mmoja ambaye jina lake sijawahi kuliona katika kitabu chochote cha kiada nilichofundishia: Dan McKenzie, mwanajiofizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1942. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 25, yeye na Robert Parker walichapisha makala fupi kuhusu kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki. Wazo lilikuwa jepesi kulisema. Ganda la nje la dunia limegawanyika vipande vigumu, yaani mabamba, kama mawe yaliyopangwa kwenye njia ya kupita watu, na kwa kuwa dunia ni mviringo, mwendo wowote wa kipande juu yake unaweza kuelezwa kama mzunguko kwenye mhimili mmoja. Wakachukua matetemeko kutoka California na Alaska hadi Japani, wakatazama mwamba uliteleza kuelekea wapi katika kila tetemeko, na mielekeo yote ikakubaliana na mhimili uleule mmoja. Jason Morgan wa Princeton alikuwa amefikia wazo hilohilo kivyake, na makala yake ikatoka mwaka 1968. Xavier Le Pichon akaieneza hesabu hiyo dunia nzima. Miaka michache kabla ya hapo, wanasayansi wengi bado walikuwa wakishikilia kwamba mabara hayaendi popote.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatufundishi hivyo. Sisi tunachora mishale. Mshale huu kushoto, mshale huu kulia, katikati bonde, mtihani umekwisha. Mtoto anatoka akiamini kwamba kuna mtu aliona mishale ile ardhini.

Makala inayonigusa zaidi ni ya mwaka 1970, ambayo McKenzie aliiandika pamoja na David Davies na Peter Molnar. Inahusu Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki. Fikiria ngalawa tatu baharini. Ukijua ngalawa ya kwanza inaendaje ikitazamwa kutoka ya pili, na ya pili inaendaje ikitazamwa kutoka ya tatu, basi mwendo wa ya kwanza kutoka ya tatu huna haja ya kuusubiri uuone kwa macho: unapatikana kwa hesabu. Ngalawa zetu ni bamba la Uarabuni, bamba la Afrika upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki. Bahari ya Shamu inaonyesha jinsi Uarabuni inavyojitenga na Afrika. Ghuba ya Aden inaonyesha jinsi Uarabuni inavyojitenga na Somalia. Toa moja kwenye nyingine, na kinachobaki ni Bonde la Ufa. Mwendo wa nchi iliyo chini ya miguu yetu ulipatikana kwa kutazama pwani za Yemeni na Sudani, robo karne na zaidi kabla vipimo vya setilaiti havijaanza kusomwa huku.

Leo setilaiti zinasoma, na bonde linapanuka kweli: milimita chache kwa mwaka, nyingi zaidi Ethiopia na pungufu kadiri unavyoshuka kusini. Chukua tano kwa urahisi wa hesabu. Mtu akiishi miaka 70, bonde litakuwa limeongezeka sentimita 35 tangu kuzaliwa hadi kufa kwake. Katika miaka milioni moja, kilomita tano.

Nawapa wanafunzi hesabu hii kwa sababu ya yaliyotokea Machi 2018, ule ufa ulipofunguka karibu na Mai Mahiu, Kenya, na kukata barabara ya Narok. Picha zilizunguka kwenye simu zetu zote na maneno “Afrika inapasuka.” Watu walihama nyumba zao, na hofu yao ilikuwa halali. Lakini kitu kinachokwenda milimita tano kwa mwaka hakifungui korongo la mita kadhaa katika msimu mmoja wa mvua. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa ni maji, yaliyochimba udongo laini wa majivu ya volkano. Mwenye hesabu ile kichwani angeliona hilo mapema, akaanza kuuliza habari za mifereji na makalvati.

Narudi kwa McKenzie. Mtu aliyepata ushindi wa namna ile akiwa na miaka 25 angeweza kukaa juu yake maisha yote. Yeye aligeukia mahali nadharia yake mwenyewe inapogoma. Mwaka 1972 aliandika juu ya Mediterania, Uturuki na eneo lile la jirani, ambako matetemeko hayakai kwenye mstari mmoja mwembamba kama baharini bali yanasambaa katika eneo pana. Ganda la bahari ni gumu na linatii mhimili wake. Mabara yanapondeka na kuvutika. Namheshimu kwa hili kuliko kwa medali zote alizopewa, na alipewa nyingi, ikiwemo ya Copley mwaka 2011.

Mwaka 1978 akaeleza kinachotokea bara linapovutwa. Wanaopika chapati watamwelewa haraka: ukivuta unga uliokandwa, katikati panakuwa pembamba. Bara likiwa jembamba, koti la dunia, tabaka lenye joto lililo chini ya ganda, linapanda kujaza nafasi, na uso wa nchi unashuka. Kisha joto lile linapoa polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka, mwamba unakuwa mzito, na uso unashuka tena, safari hii bila kuvutwa na chochote. Mashimo hayo hujaa tope na mchanga, na mabaki ya viumbe yaliyomo kwenye tope hilo, yakizikwa kwenye joto la kadiri, hugeuka mafuta. Kwa hiyo makala ile ilisomwa sana na kampuni za mafuta. Kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470, na mafuta yaliyopatikana Uganda kwenye Ziwa Albert, ni habari za nchi iliyovutwa.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni la kuyeyuka. Nilidhani magma hupatikana kwa sababu moto huko chini unaongezeka. Sivyo. Mwamba wa koti una joto la nyuzi 1,300 hivi, lakini umebanwa na uzito wa kilomita nyingi za mwamba juu yake, na mbano huo unaufanya ubaki yabisi. Ukipanda juu, mbano unapungua, unaanza kuyeyuka bila kuongezewa joto hata kidogo. Katika miaka ya 1980 McKenzie na wenzake, Mike Bickle akiwa mmoja wao, walipiga hesabu ya kiasi gani kinayeyuka, na ikaeleza kwa nini ganda la chini ya bahari lina unene wa takriban kilomita saba karibu kila mahali.

Siku hizi sianzi na mishale. Naanza na ngalawa tatu za karatasi kwenye beseni la maji na rula. Mwaka jana tulipomaliza, kijana mmoja mzaliwa wa Mwanza aliinua mkono. “Mwalimu, bonde lina matawi mawili, la huku mashariki na la Tanganyika. Sisi wa katikati, wenye Ziwa Victoria, tuko kwenye ngalawa ipi?” Nikamwambia tuna ya nne. Vipimo vinaonyesha kipande kile ni bamba dogo linalojitegemea, nalo linazunguka polepole kinyume cha mwendo wa saa. Akaomba karatasi nyingine.